Kutoka Ushuhuda hadi Ushahidi: Historia ya Kuwafundisha Wahudumu wa Afya wa Afrika Mashariki Kutafuta Maarifa ya Tiba Mtandaoni

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya juhudi za kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya, Tanzania na Uganda kutafuta na kupima maarifa ya tiba, tangu enzi ya faharasa zilizochapishwa hadi enzi ya hifadhidata za mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba katika kila hatua tatizo lilielezwa kuwa ni la upatikanaji wa maandiko, na kila upatikanaji ulipoongezeka ilidhihirika kwamba stadi ya kuuliza na kupima ilikuwa haijafundishwa kwa wale walioihitaji zaidi. Mifano mitatu ya tiba inatumika kuonesha gharama ya upungufu huo: Kemron (1990), maji ya haraka ya mshipani kwa watoto mahututi (2011), na steroidi kwa wajawazito wanaoelekea kujifungua kabla ya wakati (2015 na 2020). Makala inahitimisha kwamba stadi hiyo inapaswa kufundishwa katika vyuo vya kada za kati, kwa Kiswahili, hata kama maandiko yanayotafutwa yataendelea kuwa ya Kiingereza.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2011 ulishuhudia mambo mawili katika historia ya afya ya Afrika Mashariki ambayo ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza linakumbukwa na wengi. Katika miezi ya Machi na Aprili maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya miti kilichotolewa na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kilichowavuta ni ushuhuda: fulani alikunywa, akajisikia nafuu, akarudi kwao akasimulia. Miongoni mwa waliokwenda walikuwamo wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Jambo la pili halikuwa na misafara. Tarehe 26 Mei mwaka huohuo, jarida la The New England Journal of Medicine liliweka mtandaoni matokeo ya jaribio lililojulikana kwa jina la FEAST. Jaribio hilo lilifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo za Kilifi, Mulago na Muheza, na lilihusisha watoto 3,141 walioletwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Kwa miaka mingi wahudumu walikuwa wamefundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 10 hadi 11 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya 100 ambao hawakupewa maji ya haraka, walifariki 7. Tiba iliyofundishwa kuwa ya kuokoa ilikuwa inaongeza vifo.

Ushuhuda na ushahidi ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyapa kazi tofauti. Ushuhuda ni simulizi la mtu kuhusu yaliyompata. Ushahidi ni kile kinachoweza kuwekwa mbele ya watu wengine, kikahojiwa, kikapimwa, kikakubaliwa au kukataliwa. Ushuhuda wa Samunge ulimfikia kila mwanakijiji kwa lugha anayoielewa, kwa redio na kwa simu. Ushahidi wa FEAST ulikusanywa kutoka kwa watoto wa eneo hilihili, lakini ulitoka kwa Kiingereza cha kitaalamu katika jarida la Marekani. Swali la makala hii linatokana na pengo hilo: tabibu au muuguzi aliyekuwa zamu katika hospitali ya wilaya mwezi Juni 2011 angeupataje ushahidi huo, na ni nani aliyekuwa amemfundisha kuutafuta?

Ili kulijibu, makala inafuata uzi mmoja wa historia kupitia hatua tatu za upatikanaji, kisha inachunguza nini kilifundishwa, kwa nani na kwa lugha gani.

2.0 Hatua ya Kwanza: Maktaba na Faharasa

Utafutaji wa maarifa ya tiba ulianza kuwa taaluma pale maandiko yalipozidi uwezo wa mtu mmoja kuyasoma. Mwaka 1879 John Shaw Billings, aliyesimamia maktaba ya madaktari wa jeshi la Marekani, alianzisha Index Medicus, faharasa iliyopanga makala za tiba za dunia kwa mada. Maktaba hiyo ndiyo iliyokua ikawa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mwaka 1960 ilitoa orodha rasmi ya vichwa vya mada, mwaka 1964 ikaihamishia faharasa yake kwenye kompyuta, na mwaka 1971 ikaanzisha huduma ya MEDLINE iliyowezesha utafutaji kwa njia ya simu kutoka mbali.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Jarida la tiba la Afrika Mashariki, East African Medical Journal, lina asili yake mwaka 1923, na shule ya tiba ya Makerere ilianza mwaka 1924. Maktaba ya shule hiyo, iliyopewa jina la Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, ilikuja kuwa miongoni mwa hazina kubwa za maandiko ya tiba katika eneo hili. Hata hivyo, mfumo mzima ulijengwa juu ya dhana kwamba msomaji ni daktari na kwamba anaishi karibu na maktaba. Mganga msaidizi wa zahanati, ambaye ndiye aliyewaona wagonjwa wengi zaidi, hakuhesabiwa kuwa mtafutaji wa maarifa. Yeye alipewa mwongozo, akatakiwa kuufuata.

Miaka ya 1980 iliifanya hali kuwa ngumu zaidi. Upungufu wa fedha za kigeni, vita nchini Uganda na masharti ya marekebisho ya uchumi viliwafanya wakutubi wakatishe uagizaji wa majarida. Katika mazingira hayo, mwaka 1984, wakutubi wa tiba wa bara hili waliunda chama chao, AHILA, kwa lengo la kushirikiana katika kidogo walichokuwa nacho.

Mfano wa Kemron unaonesha udhaifu wa hatua hiyo. Mwaka 1990 ilitangazwa nchini Kenya, kwa sauti ya Rais Daniel arap Moi mwenyewe, kwamba imepatikana dawa ya kutumiwa kwa mdomo yenye kiasi kidogo cha intaferoni iliyokuwa ikiwarudishia afya wagonjwa wa UKIMWI. Matokeo yake yalichapishwa katika East African Medical Journal. Utafiti ule haukuwa na kikundi linganishi kilichopangwa kwa nasibu. Uliwatazama wagonjwa waliopewa dawa na kueleza walivyoendelea. Katika kipindi ambacho hakukuwa na tiba nyingine ya maana iliyoweza kufikiwa na mwananchi, tumaini hilo lilisafiri haraka hadi ng'ambo ya bahari. Ilipofika 1998, matokeo ya jaribio la nasibu lililofanyika Uganda yalichapishwa yakionesha kwamba dawa hiyo haikuwa na manufaa.

Mafunzo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, Kemron haikuwa uvumi wa mtaani. Ilikuwa makala katika jarida la kitaaluma lenye heshima, na mhudumu aliyefundishwa tu kwamba "kilichochapishwa ndicho cha kuaminiwa" asingekuwa na kinga yoyote. Pili, waliosahihisha kosa hilo walikuwa watafiti wa eneo hilihili, kwa kutumia wagonjwa wa eneo hilihili. Uwezo wa kuzalisha ushahidi ulikuwapo. Kilichokosekana ni uwezo wa wahudumu wa kawaida kutofautisha taarifa ya 1990 na jaribio la 1998, na kufahamu kwa nini la pili linashinda la kwanza.

3.0 Hatua ya Pili: Setilaiti, Barua Pepe na Sanduku la Buluu

Mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari wa moyo Bernard Lown wa Boston, mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya madaktari iliyotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1985, alianzisha shirika la SatelLife. Wazo lake lilikuwa kutumia setilaiti ndogo inayozunguka dunia karibu na ardhi kuwapelekea madaktari wa nchi maskini taarifa za tiba. Setilaiti ilipopita juu ya kituo, mara chache kwa siku na kwa dakika chache kila mara, ujumbe uliokuwa ukisubiri ulipanda na mwingine ulishuka. Mtandao huo, ulioitwa HealthNet, ulizifikia Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia na nchi nyingine za Afrika mapema katika miaka ya 1990, kabla intaneti ya kawaida haijaenea.

Kwa wengi waliohudumiwa, HealthNet ndiyo iliyowaonjesha barua pepe kwa mara ya kwanza. Muhtasari wa makala kutoka majarida makubwa ulifika kila baada ya muda. Baadaye ikaongezwa huduma iliyomwezesha mtu asiye na kivinjari kuandika anwani ya ukurasa ndani ya barua pepe na kurudishiwa maandishi yake. Ilikuwa njia ya polepole, lakini ilikuwa na faida moja ambayo ni rahisi kuipuuza: ilimlazimu mtumiaji afikiri kabla ya kuuliza. Swali lililokosewa liligharimu siku nzima.

Sambamba na teknolojia hiyo kulikuwa na juhudi za karatasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisambaza barani Afrika maktaba ndogo zilizofungwa ndani ya sanduku la bati la rangi ya buluu, kila moja ikiwa na vitabu na miongozo ipatayo 100 kwa ajili ya wahudumu wa wilaya. Nchini Uganda, Maktaba ya Albert Cook chini ya mkutubi Maria Musoke ilianza mwaka 1997 kutoa kijarida cha muhtasari wa maarifa ya afya. Wakutubi walitafuta kwenye hifadhidata, wakachagua yaliyohusu magonjwa ya nchi, wakayafupisha, wakayachapisha na kuyapeleka kwa vituo ambavyo havikuwa na kompyuta wala laini ya simu.

Kijarida hicho kinastahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii kuliko ile ambayo hupewa. Kilikubali ukweli ambao miradi ya teknolojia iliukwepa, kwamba kati ya hifadhidata na muuguzi wa kijijini panahitajika mtu anayejua kutafuta na anayejua mahitaji ya muuguzi huyo. Lakini kilikuwa na mpaka wake. Mkutubi alitafuta kwa niaba ya wengine, wao walipokea. Miaka michache baadaye, kuanzia 2003, mtandao wa taarifa za afya wa Uganda ulianza kuwapa wahudumu wa baadhi ya wilaya kompyuta za kiganjani, zilizokusanya takwimu za wagonjwa na kupokea maandiko ya tiba. Kifaa kilikuwa kipya, ila uhusiano ulikuwa uleule: taarifa zilipanda kwa wakubwa na maarifa yalishuka kwa wadogo.

4.0 Hatua ya Tatu: Mlango Unafunguliwa

Mwezi Juni 1997 Marekani ilitangaza kwamba utafutaji katika MEDLINE, kupitia PubMed, utakuwa bure kwa kila mtu mwenye intaneti. Tangu siku hiyo mkunga wa Tabora na profesa wa London walikuwa, kwa nadharia, na faharasa ileile. Kilichobaki kufungwa ni makala zenyewe. Mtafutaji alisoma muhtasari, akabofya, akaombwa alipe dola kadhaa ambazo zilikaribia au kuzidi mshahara wake wa siku nyingi.

Kizuizi hicho kilishughulikiwa Julai 2001, pale Gro Harlem Brundtland, Mkurugenzi Mkuu wa WHO, alipotangaza jijini London makubaliano na wachapishaji 6 wakubwa. Mpango wa HINARI, ulioongozwa na mkutubi Barbara Aronson, ulifunguliwa Januari 2002 ukiwa na majarida yapatayo 1,500. Taasisi za nchi zenye kipato cha chini kabisa, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo, ziliyapata bila malipo. Miaka iliyofuata iliongeza maelfu ya majarida na vitabu, na nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilizofika pwani yetu mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, ziliongeza kasi ambayo enzi ya setilaiti haikuweza kuiota.

Hata hivyo, mlango huu ulikuwa na masharti. Aliyesajiliwa ni taasisi, si mtu: chuo kikuu, hospitali ya kufundishia, taasisi ya utafiti, ofisi ya serikali. Nywila ilikuwa moja kwa taasisi nzima, na kwa kawaida ilishikwa na mkutubi. Hospitali isiyo na mkutubi mara nyingi haikuwa na mtu wa kuomba usajili. Tena mpango wenyewe ulikuwa hisani ya wachapishaji. Mapema mwaka 2011 baadhi yao waliondoa majarida yapatayo 2,500 kutoka kwa watumiaji wa Bangladesh kwa sababu za kibiashara, wakayarejesha baada ya malalamiko makali ya wanataaluma. Tukio hilo lilikuwa onyo kwa kila nchi iliyokuwa imeegemeza elimu yake ya tiba kwenye ukarimu wa wengine.

5.0 Nini Kilifundishwa, na kwa Nani?

Pamoja na milango hiyo zilikuja warsha. WHO, mashirika ya wakutubi ya Ulaya na Marekani, AHILA na kituo cha ITOCA cha Afrika Kusini waliendesha mafunzo mengi ya matumizi ya HINARI na PubMed. Muundo wa kawaida ulikuwa wa siku chache, katika chumba cha kompyuta, kwa utaratibu wa kuwafundisha wakufunzi ambao nao wangekwenda kuwafundisha wengine. Washiriki wengi walikuwa wakutubi, wahadhiri na madaktari wa hospitali kubwa. Lugha ilikuwa Kiingereza.

Mafunzo hayo yaliacha kizazi cha wakutubi stadi, na makala hii haina nia ya kuyabeza. Lakini tukitazama yaliyosisitizwa, tunakuta ni matumizi ya chombo: jinsi ya kuingia, jinsi ya kuunganisha maneno, jinsi ya kuchuja kwa mwaka. Chombo kinabadilika kila baada ya miaka michache, na aliyefundishwa mahali pa kubofya hupotea pale kitufe kinapohamishwa.

Stadi isiyozeeka ni nyingine. Mwaka 1992 kikundi cha wanataaluma wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, akiwamo Gordon Guyatt, kilieleza katika jarida la JAMA mtazamo wa tiba inayozingatia ushahidi. Mwaka 1993 lilianzishwa shirika la Cochrane, lililopewa jina la daktari Archie Cochrane, kwa ajili ya kukusanya majaribio yote kuhusu tiba fulani na kuyapima kwa pamoja. Mwaka 1995 ukaenea utaratibu wa kuligawa swali la tiba katika sehemu nne: mgonjwa ni nani, tiba ni ipi, inalinganishwa na nini, na tokeo gani linatafutwa. Sehemu hizo nne hazihitaji kompyuta. Zinaweza kufundishwa ubaoni, chini ya mwembe, kwa lugha yoyote. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wataalamu hawa waliongeza kwamba kuuliza ni kazi yenye kanuni.

Stadi hiyo ilichelewa kufika katika vyuo vinavyofundisha wauguzi, wakunga na matabibu, ambao ndio wanaobeba huduma katika vituo vya afya na zahanati. Kwao, utamaduni wa mwongozo uliendelea. Mwongozo ni muhimu; hakuna nchi inayoweza kumwachia kila mhudumu abuni tiba yake. Lakini mhudumu asiyejua mwongozo ulitokana na ushahidi gani hana namna ya kufahamu lini umepitwa na wakati, wala hana lugha ya kuuliza wakubwa wake.

6.0 Gharama ya Kutojua Kusoma Ushahidi

Turudi kwa tabibu wetu wa Juni 2011. Muhtasari wa FEAST ulikuwa wazi katika PubMed kwa yeyote. Akiupata, angekutana na mkanganyiko. Jaribio lilionesha madhara, ilhali mwongozo wa ukutani ulisema maji ya haraka. Mkanganyiko huo haukuisha upesi, kwani toleo la 2013 la kitabu cha mfukoni cha WHO kuhusu tiba ya watoto hospitalini liliendelea kupendekeza maji ya haraka kwa watoto wenye mshtuko. Watafiti wa jaribio walilalamika hadharani. Mjadala ulihusu kwa sehemu fasili ya mshtuko wenyewe: ni dalili ngapi zionekane ndipo mtoto ahesabiwe kuwa nao? Mwongozo uliorekebishwa ulitoka mwaka 2016, miaka 5 baada ya ushahidi uliotoka Kilifi, Mulago na Muheza.

Je, ina maana kwamba tabibu aliyesoma muhtasari angepaswa kuutupa mwongozo mara moja? Jibu linahitaji uangalifu. FEAST haikuwajumuisha watoto wenye kuharisha na kutapika sana, wala wenye utapiamlo mkali. Mhudumu aliyesoma kichwa cha habari tu, akahitimisha kwamba "maji yanaua", angeweza kumnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuharisha, na mtoto huyo angekufa kwa kosa la mtu aliyedhani anafuata sayansi. Swali la kwanza kati ya yale manne, mgonjwa ni nani, ndilo lingemwokoa.

Historia ya steroidi inatoa fundisho hilohilo kwa upande mwingine. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba steroidi akipewa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati huyasaidia mapafu ya mtoto. Majaribio yaliyofuata yalikubaliana nao, na mchoro unaofupisha majaribio hayo ndio uliokuwa msingi wa nembo ya Cochrane. Ushahidi ulionekana kukamilika. Lakini ulikuwa umetoka zaidi katika hospitali zenye vifaa. Mwaka 2015 jaribio kubwa katika nchi 6, Kenya na Zambia zikiwamo, lilijaribu kueneza tiba hiyo hadi ngazi za chini za huduma. Vifo vya watoto wachanga waliolengwa havikupungua, na katika jamii nzima viliongezeka. Kisha mwaka 2020 jaribio la WHO katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ambako umri wa mimba ulikadiriwa vizuri na huduma ya mtoto ilikuwapo, lilionesha kwamba steroidi inapunguza vifo.

Matokeo hayo hayapingani kama yakisomwa kwa ukamilifu. Yanasema kwamba dawa ileile inaokoa mahali ambapo umri wa mimba unajulikana na mtoto anaweza kuhudumiwa, na inaweza kudhuru pasipo na hayo. Mkunga aliyefundishwa kutafuta tu atapata makala tatu zenye sura ya kupingana, na atachagua ile aliyoiona kwanza. Mkunga aliyefundishwa kuuliza "ushahidi huu ulipatikana wapi, kwa nani, penye vifaa gani?" atajua ni upi unaofanana na wodi yake.

7.0 Suala la Lugha

Kufikia hapa inaweza kudhaniwa kwamba lugha ni jambo la pembeni, kwa kuwa hifadhidata zote kubwa ni za Kiingereza. Tunadai kinyume chake. Kutafuta kunaanza na swali, na swali la mhudumu wa Tanzania, na la wengi wa Kenya, linazaliwa kwa Kiswahili kwa sababu mgonjwa ameeleza kwa Kiswahili.

Tuchukue neno degedege. Mama anapoleta mtoto na kusema ana degedege, neno hilo limebeba mtukutiko wa mwili, homa, na katika jamii nyingi pia imani kuhusu chanzo chake. Katika orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Taifa ya Tiba hakuna kichwa kimoja kinacholingana nalo. Mtafutaji analazimika kuamua kama anachouliza ni mtukutiko unaoletwa na homa, malaria ya ubongo au kifafa. Neno homa lenyewe linatumika kwa joto la mwili, kwa malaria, na kwa mafua. Kwa upande mwingine, kifafa cha mimba kina kichwa chake bayana, lakini aliyetafsiri neno kwa neno akatafuta kifafa pamoja na mimba atapata maandiko kuhusu wajawazito wenye kifafa cha kawaida, na atalikosa jaribio la 1995 lililothibitisha ubora wa magnesiamu salfeti dhidi ya diazepamu kwa kifafa cha mimba. Hatua ya kuhama kutoka neno la mgonjwa hadi neno la hifadhidata ni tendo la tafsiri, na haijafundishwa kama tafsiri.

Upande wa istilahi za utafiti nao una mitego. Kidonge kisicho na dawa ndani yake, kinachotolewa kwa kikundi linganishi, wengine hukiita dawa bandia. Kwa mwananchi wa kawaida na kwa mamlaka za udhibiti, dawa bandia ni dawa ya kughushi, yaani uhalifu. Mhudumu anayemweleza mgonjwa kwamba katika utafiti baadhi ya watu walipewa dawa bandia amemtangazia jinai pasipo kukusudia. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar zina wajibu hapa ambao hauwezi kutimizwa na madaktari peke yao, wala na wanaisimu peke yao.

8.0 Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonesha mpangilio unaojirudia. Faharasa, setilaiti, sanduku la buluu, PubMed, HINARI na nyaya za baharini, kila kimoja kilitarajiwa kuondoa ujinga, na kila kimoja kiliondoa kizuizi cha kweli. Lakini Kemron ilipita katika jarida letu wenyewe, na FEAST ilisubiri miaka 5 ilhali muhtasari wake uko wazi. Upatikanaji uliongezeka kuliko uwezo wa kupima.

Kutokana na hayo, tunawapendekezea watunga sera mambo manne. Stadi ya kuuliza na kupima ushahidi iingizwe katika mitaala ya vyuo vya wauguzi, wakunga na matabibu, ifundishwe kwa Kiswahili na kutahiniwa kwa visa vya wodini. Hospitali za wilaya na za rufaa ziwe na mkutubi wa tiba katika ikama yao, kwa kuwa uzoefu wa Uganda umeonesha thamani ya mtu anayesimama kati ya hifadhidata na muuguzi. Kila mwongozo wa tiba unaotolewa kwa Kiswahili utaje ushahidi ulioutegemea na mwaka wake, ili mtumiaji ajue lini wa kuuhoji. Na mafanikio ya mafunzo yapimwe kwa mabadiliko ya tiba, si kwa idadi ya vyeti vilivyogawiwa.

Mambo haya hayawezi kusubiri hatua nyingine ipite. Leo simu ya mkononi inaweza kumjibu muuguzi swali la tiba kwa Kiswahili fasaha kabla hajamaliza kuvaa glavu, bila kumwambia jibu limetoka wapi wala limehusu wagonjwa gani. Jibu la namna hiyo lina sauti ya ushahidi lakini linamfikia kama ushuhuda: amesema fulani. Asipofundishwa kuuliza fulani huyo ni nani na amejuaje, atalitumia kama lilivyo, na atakayelipia ni mtoto aliye mbele yake.